Mdogo wangu ameshikwa na simu ya wizi Kisumu, anaambiwa akubali kosa yaishe. Afanye nini Jumatatu?

DadaWaRhonda (Jumamosi, saa tatu usiku)

Hamjambo wote. Niko Nakuru, mtaa wa Rhonda, na tangu jana sijapata usingizi. Mdogo wangu ni fundi wa simu, ana kibanda karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Jana Ijumaa, mwendo wa saa kumi na moja jioni, walikuja askari wawili wakiwa na nguo za raia, wakaulizia Samsung fulani, wakaikuta kwenye droo, wakamchukua yeye na simu.

Hiyo simu aliinunua mwezi uliopita kwa mteja aliyeileta ikiwa na kioo kilichopasuka. Alimtumia 4,500 kwa M-Pesa, akabadilisha kioo ili aiuze. Sasa anaambiwa ni ya wizi na mwenyewe amejitokeza.

Leo shemeji yangu alipompelekea chakula, askari mmoja alimwambia hivi: "Jumatatu kijana akubali tu. Hakimu atampiga faini kidogo, arudi kazini. Akikataa, kesi itamla miaka miwili." Shemeji ameanza kuamini, na mama naye huko nyumbani anatafuta mtu wa kununua mbuzi ili tulipe hiyo faini.

Naombeni mnisaidie. Kwanza, ni halali kumweka ndani hadi Jumatatu? Akubali? Pesa ya dhamana ikilipwa ndiyo imekwenda? Na je, bila wakili inawezekana? Mimi nauza mitumba, mkononi nina elfu kumi na mbili tu.

---

BodaKondele (Jumamosi, saa nne usiku)

Pole sana dada. Mimi nitakwambia yaliyonipata. Mwaka 2021 nilishikwa nikiwa nimebeba abiria watatu kwenye pikipiki. Nilikubali, nikapigwa faini, nikalipa, jioni nilikuwa barabarani natafuta riziki. Wenzangu waliokataa walirudi kortini mara nne, na kila siku ya korti ni siku bila mapato. Mimi naona akubali tu, watoto wanahitaji kula.

---

WakiliWaZiwani (Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi)

Dada, pole. Nimeamka nikakuta swali lako na nitalijibu kabla ya kwenda kanisani. Jibu litakuwa refu, kwa maana hilo swali lako la pili ndilo lililonitia katika kazi hii.

Ndugu wa Kondele anasema kwa moyo safi na sitamlaumu. Lakini kosa lake lilikuwa la barabarani. Kijana wenu akipelekwa kortini kwa simu aliyoinunua, shtaka ambalo nina hakika litakuwa kwenye karatasi ni la kupokea mali ya wizi, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu. Kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Kufika, nasema, maana wengi hawapewi hata robo yake. Ila mtu asiingie kizimbani akidhani ni jambo la faini ndogo kwa sababu askari amesema hivyo. Askari hatoi hukumu, na ahadi yake haimfungi hakimu.

Niwaambie mimi ni nani. Nashughulikia kesi za jinai peke yake, Kisumu hapa, na mara nyingine Siaya, Maseno na Vihiga. Nilizaliwa Butere. Mwaka 1998, nikiwa darasa la tano, baba yangu mdogo alishtakiwa kuiba gunia la mbolea kwenye ghala alikokuwa akifanya kibarua. Gunia alilibeba, hilo ni kweli. Msimamizi ndiye aliyemwambia alichukue badala ya malipo ya wiki mbili. Siku ya kusomewa mashtaka hakuwa na wakili, na enzi hizo aliyeendesha mashtaka kwenye korti za mahakimu kwa kawaida alikuwa askari vilevile. Baba mdogo alijua Kimarama na Kiswahili cha sokoni. Akaulizwa kama ni kweli. Akajibu, "Ndiyo, nililibeba." Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na mama. Yale maneno aliyotaka kuongeza, ya msimamizi na ya malipo, hayakuandikwa popote. Alipewa miezi kumi na minane. Alipotoka alikuta ng'ombe wake wote wameuzwa, na miaka mingi baadaye alikosa kazi ya ulinzi kwa sababu cheti chake cha tabia njema kutoka kwa polisi hakikuwa safi.

Nilisoma sheria Chuo Kikuu cha Moi, pale Annex, Eldoret. Kisha Kenya School of Law, Karen, na miezi sita ya kujifunza kazi chini ya wakili mkongwe huko kwenu Nakuru, ambapo nilikuwa nabeba mafaili yake na kusikiliza tu. Niliapishwa mbele ya Jaji Mkuu mwaka 2013. Katika miaka yote hii, watu waliokubali "ili yaishe" ndio wateja ninaowaonea uchungu zaidi, kwa sababu wananijia wakati mlango umekwisha kufungwa. Sheria ya Mwenendo wa Jinai, kifungu cha 348, inasema mtu aliyekubali kosa mbele ya hakimu hana rufaa dhidi ya hatia yenyewe. Anaweza kulalamikia adhabu tu, kwamba imezidi au si halali. Mtu akija kwangu na kusema "nilikubali lakini sikufanya", mara nyingi ninachoweza kumsaidia ni kupunguza miezi.

Sasa maswali yako.

Kumweka hadi Jumatatu. Katiba, Ibara ya 49, inataka afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita. Lakini saa hizo zikiishia siku ambayo korti haikai, polisi wana hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Alishikwa Ijumaa saa kumi na moja, saa 24 zikaisha Jumamosi jioni, kwa hiyo Jumatatu ni halali. Jumanne si halali. Hata hivyo mkubwa wa kituo (OCS) ana uwezo wa kumwachilia kwa dhamana ya polisi leo hii, Jumapili. Shemeji yako aende aombe kwa heshima kuonana na OCS mwenyewe. Wakidai pesa taslimu, apewe risiti ya serikali palepale. Bila risiti, hiyo si dhamana. Akiwa pale aulize pia namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na aiandike. Utashangaa ni mara ngapi namba hiyo imeniokoa.

Akiwa ndani, ana haki ya kunyamaza na haki ya kuzungumza na wakili. Wakimpa karatasi atie sahihi, asome kwanza, na kama hakuna kinachomridhisha asitie. Maneno ya kukiri kosa hayakubaliki kortini kwa sababu tu yaliandikwa kituoni. Sheria ya Ushahidi inataka yatolewe mbele ya hakimu au jaji, au mbele ya afisa wa cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu ambaye mshukiwa amemchagua mwenyewe. Na asipigwe. Akipigwa, shemeji aangalie alama, ampeleke hospitali akitoka, na malalamiko yapelekwe IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi.

Kukubali. Nataka mfikirie shtaka lenyewe linasema nini. Halisemi "ulikutwa na simu". Linasema aliipokea *akijua, au akiwa na sababu ya kuamini*, kwamba imeibwa. Hayo maneno ndiyo kesi nzima. Kijana akisema "ni kweli" atakuwa amesema alijua. Je, alijua? Kwa ulivyoeleza, alilipa kwa M-Pesa, kwa jina na namba inayoonekana, akaiweka kwenye droo ya kibanda chake mchana kweupe. Anayeficha mali ya wizi kwa kawaida haachi alama za namna hiyo.

Kwa hiyo Jumatatu akisomewa, aseme: "Si kweli, mheshimiwa." Basi. Asianze kueleza mambo ya kioo na mteja, siku yake ya kueleza itakuja. Na kama ulimi utateleza aseme "ni kweli simu ilikuwa kwangu lakini sikujua ni ya wizi", hakimu anatakiwa aandike kwamba amekataa. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu huo mwaka 1973 katika kesi ya Adan, na bado tunaufuata: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, akikubali asomewe maelezo ya tukio, na akiyapinga au akiongeza jambo linaloleta shaka, iandikwe amekataa. Kama anaelewa Kijaluo vizuri kuliko Kiswahili aombe mkalimani. Halipishwi, ni haki yake chini ya Ibara ya 50. Asione aibu. Baba yangu mdogo aliona aibu.

Wakili. Anaweza kuanza bila wakili, na siku ya kusomewa mashtaka wengi hawana. Serikali humpa mshtakiwa wakili pale ambapo haki ingepotea sana bila yeye, na kwa kawaida tunaona hilo katika kesi za mauaji Mahakama Kuu. Kwa kesi ya simu usilitegemee. Ila yako mashirika ya msaada wa kisheria, na ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoanzishwa na sheria ya 2016. Jumatatu asubuhi uliza pale mahakamani ni nani anayetoa msaada huo, mara nyingi meza yao iko karibu na masjala.

Ya dhamana nitamwachia mtu aliye humu anayeijua kuliko mimi.

---

KaraniMstaafu_Kakamega (Jumapili, saa nne asubuhi)

Nadhani wakili ananisema mimi. Nilikaa masjala kwa miaka mingi.

Mama, dhamana ya pesa si faini. Ni amana. Kijana akihudhuria kila siku anayotakiwa, kesi ikiisha pesa inarudi kwa aliyelipa, hata akipatikana na hatia. Kwa hiyo jina kwenye risiti liwe la mtu ambaye unajua utampata miaka miwili ijayo, na risiti itunzwe kama cheti cha kuzaliwa. Piga picha kwa simu pia. Nimeona akina mama wakilia dirishani kwangu kwa sababu risiti iliandikwa jina la jirani aliyehamia Mombasa.

Usimpe mtu pesa mkononi kwenye veranda ya korti akuambie atakulipia. Utapewa namba ya malipo, ulipe mwenyewe kwa simu au benki.

Bondi ni kitu kingine. Hapo hutoi pesa, mdhamini analeta hati ya shamba au logibuku ya gari, kitambulisho, mara nyingine na barua ya chifu, na stakabadhi zinakaguliwa. Kukagua kunaweza kuchukua siku, na siku hizo kijana analala rumande. Kama pesa taslimu inapatikana, ni ya haraka zaidi. Mdhamini ajue pia kwamba kijana akitoroka, yeye ndiye atakayeitwa.

Wakitaja kiasi kinachowashinda, msinyamaze. Kijana ainue mkono amwambie hakimu kazi yake ni nini na anaingiza kiasi gani kwa siku. Katiba inasema masharti yawe ya wastani. Nimeona elfu hamsini ikishuka hadi elfu ishirini kwa sababu mtu alisema ukweli wa mfuko wake kwa adabu.

---

DadaWaRhonda (Jumatatu, saa mbili usiku)

Nimerudi. Niko Kisumu, nilipanda matatu ya usiku.

Alikataa. Alisema vilevile, "Si kweli, mheshimiwa," sauti ikitetemeka. Shtaka ni hilo la 322 kama wakili alivyosema. Dhamana elfu ishirini, au bondi ya elfu hamsini na mdhamini mmoja. Pesa zangu, mbuzi mmoja, na wenzake wa Kibuye waliochanga, tulifikisha saa tisa mchana. Yuko nyumbani amelala. Risiti iko kwa jina langu.

Wakili, Mungu akubariki. Nina mengine mawili. Mlalamishi ni mwanafunzi wa chuo, tulikutana naye nje, akasema yeye anataka simu yake tu, hana haja na kesi. Je, hapo si imekwisha? Na kuna bwana mmoja pale korti mwenye tai, anasema kwa elfu nane "atamaliza faili". Anajiita wakili.

---

WakiliWaZiwani (Jumatatu, saa tatu usiku)

Nimefurahi kweli. Mwambie amefanya vizuri.

Huyo wa elfu nane usimpe hata shilingi. Wakili ana jina kwenye orodha ya mawakili na cheti cha kufanya kazi kinacholipiwa kila mwaka. Ingia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya, andika jina lake, uone kama yuko na kama cheti chake ni cha mwaka huu. Wakili halisi hakasiriki ukimtafuta. Atakupa risiti na ofisi unayoweza kuitembelea. Na hakuna wakili "anayemaliza faili". Anayekwambia hivyo anakuuzia rushwa, na ukimpa nawe umetenda kosa.

Kuhusu mwanafunzi, hilo ni jambo jema lakini halimalizi peke yake. Kesi ya jinai si yake, ni ya Jamhuri, na inaendeshwa na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Anachoweza ni kumweleza kiongozi wa mashtaka na hakimu kwamba anataka kuondoa malalamiko. Chini ya kifungu cha 204 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, hakimu akiridhika kwamba kuna sababu za kutosha, anaruhusu, na mshtakiwa anaachiliwa huru kabisa. Mashtaka yakiondolewa na upande wa mashtaka chini ya 87(a) kabla ya kijana kuitwa kujitetea, anatoka, lakini wanaweza kumshtaki tena kwa jambo lilelile. Kwa hiyo siku hiyo ikifika, ulizeni ni kifungu gani. Watu hushangilia nje ya korti bila kujua tofauti.

Na tafadhali, msimfuate huyo mwanafunzi hosteli, msimpigie simu usiku, msimpe pesa pembeni. Hata kwa nia njema itaonekana mnaingilia shahidi, na dhamana inaweza kufutwa. Akitaka kuja, aje mwenyewe.

Kazi yenu wiki hii ni moja: taarifa ya M-Pesa ya siku ile, kutoka Safaricom. Usingoje. Mtafuteni pia aliyekuwapo kibandani simu ilipoletwa. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha, na kijana akitaka anaweza kunyamaza hadi mwisho. Ila mtu akikutwa na kitu kilichoibwa karibuni, korti inaweza kuuliza alikipataje, na katika kesi hizi mimi sipendi mteja anyamaze kama ana maelezo mazuri. Atapewa maelezo ya mashahidi kabla ya kesi kusikizwa, ni haki yake. Wakimaliza mashahidi wao, hakimu ataamua kama ana kesi ya kujibu. Kama hana, anaachiliwa hapo chini ya kifungu cha 210. Kama anayo, atachagua: aape na kuulizwa maswali, aseme bila kiapo, au anyamaze.

---

MamaNjoro (Jumanne, saa moja asubuhi)

Samahani naingilia. Mwanangu alipigwa na jirani kwa sababu ya mpaka, akavunjwa jino. Tumeambiwa tununue fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha. Ni shilingi ngapi?

---

WakiliWaZiwani (Jumanne, saa mbili asubuhi)

Mama, fomu ya P3 haiuzwi. Nendeni kituoni mripoti, mpewe namba ya OB, kisha P3 yenyewe, ndipo mhudumu wa afya aijaze. Msikae hadi kidonda kipone. Hifadhini karatasi za matibabu ya siku ya kwanza, na nguo zenye damu msizifue. Kuhusu mpaka wa shamba, hiyo ni kesi nyingine mahali pengine, msiichanganye na jino.

---

DadaWaRhonda (Alhamisi, saa kumi jioni)

Taarifa ya M-Pesa tumeipata. 4,500, tarehe, saa, na jina la aliyeuza simu, majina yote mawili. Mama muuza chai wa jirani anakumbuka siku hiyo kwa sababu yule mtu aliondoka bila kulipia mandazi. Amesema atakuja kusema. Kesi itatajwa wiki mbili zijazo, nitapanda matatu tena. Yule mbuzi wa pili mama hakumuuza.